Dele la Hakimu Masizi

Ulimi wa Msabaha ulikuwa maarufu kumshinda Msabaha mwenyewe. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo pilau la harusi halikupakuliwa mpaka Msabaha aitwe, apewe kijiko, afumbe macho, kisha aseme kilichozidi na kilichopungua. Akisema bizari imeungua, basi imeungua. Akisema mchele huu umelala karibu na mafuta ya taa, mwenye duka aliapa kwa Mungu mmoja kwamba ni uzushi, halafu akaenda kutazama ghalani na kulikuta dumu pale pale. Nje ya ulimi hakuwa na makubwa: duka la viungo na kahawa nyuma ya soko, kitambi cha wastani, miaka hamsini na kitu. Mkewe alikuwa amefariki siku nyingi, naye aliishi na dada yake mkubwa, Wahida, ambaye hakuchoka kumkumbusha kwamba mwanamume haoi kwa ulimi.

Ulimi huo ulikuwa na kazi ya pili, na hiyo mjini haikujulikana. Kila Alhamisi Msabaha aliaga kwamba anakwenda Vigwaza kununua ukwaju. Ukwaju aliununua kweli, tena gunia zima, maana uongo wake ulipenda kuvaa vizuri. Lakini kabla ya ukwaju aliingia kwa mlango wa nyuma katika baa ya mtu mmoja aitwaye Bilali, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya makreti matupu, akaletewa chupa moja ya stauti: bia nyeusi, nzito, kali, chungu, ile ambayo wanywaji wengi huiachia wazee na wabishi. Kama mlevi, Msabaha alikuwa aibu kwa walevi wenzake. Chupa moja ilimchukua saa nzima, na nusu ya saa hiyo alikuwa anainusa.

Akishamaliza, alitia kipande cha kashata shavuni ili sauti isijulikane, akatoa simu, na kutuma hukumu kwa ujumbe wa sauti. Kulikuwa na kundi la wasapu la wapenzi wa bia nyeusi, watu wa Arusha, Mwanza, Mtwara na kwingineko, na humo yeye aliitwa Hakimu Masizi. Hapana aliyemjua sura. Hakimu Masizi hakuwa na huruma. Aliisema bia hii kwamba imeanza vizuri kama mgeni mwenye adabu, kisha ikakaa sana. Ile akaisema kwamba uchungu wake ni wa kubandikwa, haukutoka moyoni. Watu wazima walisubiri neno lake kabla ya kufungua mikoba. Na Msabaha, akijiona katika kioo kilichopasuka cha baa ya Bilali, mtu mwenye ndevu za mvi na shavu limevimba kashata, amejificha nyuma ya kreti huku akitoa amri kwa taifa, alicheka peke yake mpaka kashata ikampalia.

Dhambi yake aliijua, wala hakuipamba. Kila Ijumaa alikwenda msikitini akakaa safu ya nyuma, karibu na viatu, akiona kwamba hapo ndipo panapomfaa. Kila Alhamisi iliyofuata alikwenda Vigwaza.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingempenda Mwanvita. Huyu alikuwa mjane, mshonaji wa kofia za mkono, mwanamke mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na uzi uliokwenda kombo. Msabaha alianza kwa kununua kofia. Akanunua ya pili, na ya tatu, hata ikafika siku Mwanvita akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ana vichwa vingapi. Msabaha akarudi nyumbani, akamwambia Wahida apeleke posa.

Posa ilikwenda kwa kaka yake Mwanvita, Maalim Mwinshehe wa Kaole, mzee aliyesomesha watoto Kurani kwa umri wake wote na ambaye ndiye aliyekuwa walii wa dada yake, mwenye kauli ya kumwozesha. Maalim alikuwa na namna yake ya kujibu posa, nayo ilijulikana toka Kaole mpaka mjini. Hakupenda kumwambia mtu hapana usoni. Siku aitakayo alikuja mwenyewe kwako, bila taarifa, akakaa. Ukimkaribisha kitu akanywa, jibu ni ndiyo. Akisema leo hana kiu, basi, mshukuru Mungu na utafute kwingine. Kuna kijana mmoja wa Magomeni aliyekataliwa namna hiyo, na inasemekana mpaka leo ile soda ambayo Maalim hakuifungua iko juu ya kabati lao.

Kwa hiyo Wahida alitoa amri: asitoke mtu mjini mpaka Maalim aje. Msabaha akataja ukwaju. Wahida akamwambia ukwaju uliomo ghalani unatosha kuwachachua watu wa mkoa mzima, na Alhamisi hii atakaa.

Bahati mbaya Alhamisi hiyo haikuwa ya kawaida. Vijana wawili wa Dar waliokuwa wakipika bia ndani ya gereji walikuwa wametoa stauti yao ya kwanza, kali kuliko zote zilizowahi kujadiliwa kundini, na wakaituma baani kwa Bilali ili ifike mbele ya Hakimu Masizi. Waliomba neno lake tu. Kundi zima liliahidiwa hukumu jioni ya Alhamisi. Bilali, kwa wema wake, aliipeleka chupa Bagamoyo kwa gari la mizigo, imefukiwa katikati ya gunia la ukwaju. Msabaha alipoitoa, akaishika juu ya mwanga wa mlango na kuona kwamba mwanga haupiti, alijua kwamba hataweza kungoja.

Swali lilikuwa ainywee wapi. Nyumbani kulikuwa na pua ya Wahida, ambayo ilimlea. Chumba cha nyuma cha duka kingefaa, lakini Msabaha alikuwa hajapata kufunga duka mchana, hata Alhamisi alimwachia Wahida. Angelifunga, majirani wangevunja mlango kwa kudhani amekufa. Pwani kulikuwa na watu waliojuana naye toka utotoni. Ndipo alipopata wazo ambalo, kwa muda wa nusu saa, alilihesabu kuwa bora kuliko yote aliyowahi kupata. Bia ni nyeusi. Kahawa ni nyeusi. Dele lake la kahawa lilikuwa pale, la shaba, lenye mdomo mrefu, na hakuna mtu Bagamoyo anayemtazama mara mbili mwanamume aliyekaa barazani kwake baada ya alasiri na dele mbele yake. Kuhusu harufu, angekaanga buni pembeni, na moshi wake ungefunika kila kitu.

Alifanya hivyo. Aliswali alasiri, jambo ambalo baadaye lilimtia haya kuliko mengine yote, akawasha mkaa, akamwaga buni kwenye kikaango, akamimina stauti taratibu ndani ya dele, akatoka barazani na vikombe vyake kwenye sinia. Alimimina kikombe kimoja. Povu likapanda, la rangi ya kahawia, zito, likatulia ukingoni bila haraka. Akanusa. Akanywa funda dogo na kulizungusha.

Kwanza ulikuja uchungu, mpana, usiotafuta urafiki. Nyuma yake utamu wa sukari guru iliyoachwa jikoni ikashika chini ya sufuria. Kisha, alipokwisha kumeza na kudhani mambo yamekwisha, kikatokea kitu kama tende iliyokauka, kikabaki ulimini. Msabaha alifumba macho. Hii ilikuwa bia ya kweli, na waliopika walikuwa na miaka mingapi, ishirini na mitano? Alianza kupanga hukumu kichwani. Aliona ataanza na uchungu. Alijipongeza pia kwa dele. Akili hii, alijiambia, inaozea kwenye duka la bizari.

Alipofumbua macho, Maalim Mwinshehe alikuwa anapinda kona kwa bakora yake na kanzu nyeupe, anakuja moja kwa moja.

Na hapa ndipo Msabaha alipofanya kosa ambalo ni mtu wa mji ule tu angelifanya. Angeweza kusimama, akamwongoza mgeni ndani. Angeweza kulipiga teke sinia likamwagika. Lakini mtu wa Bagamoyo aliyekaa na dele haamui aseme nini mtu akipita mbele yake. Maneno hayo yako mdomoni tangu anapojua kusema, na hutoka yenyewe, kwa rafiki, kwa adui, kwa mpita njia asiyemjua. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla akili haijafika, mdomo wa Msabaha ulifunguka.

"Karibu kahawa, Maalim."

Mzee alisimama, akafuta jasho kwa ncha ya kilemba, akamtazama kwa uso mwema.

"Ahsante. Nimekuja kwa miguu toka Kaole," akasema, "na leo nina kiu."

Msabaha aliyasikia maneno hayo na moyo ukaruka kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, maana alikuwa amepewa mke. Kisha akalitazama dele. Katika vyombo vyote vilivyomo nyumbani kwake, birika la chai, chupa ya maji ya marashi, kopo la msalani, alikuwa ameificha pombe ndani ya chombo kimoja tu ambacho desturi haimruhusu mtu kukinywea peke yake.

Alianza kujitetea. Alisema kahawa imepoa. Maalim, akiwa ameshaketi na kulaza bakora yake, akasema ya moto inamsumbua meno. Alisema imeungua. Maalim akasema mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kupika isiyoungua. Msabaha akasema basi Wahida alete maji ya ukwaju, ukwaju upo, upo mwingi kupita kiasi. Maalim akacheka, akasema amesikia habari za ulimi huu kwa miaka, na leo, kwa kuwa ni siku yenyewe, anataka kunywa kile anachokunywa mwenye ulimi. Msabaha hakulisogelea dele, basi mzee akalichukua mwenyewe, akajimiminia.

Povu likapanda.

"Umeipiga sana hii," Maalim akasema, akilitazama kwa mshangao.

Msabaha alijibu kwamba ndiyo, ameipiga. Kichwani alikuwa anafanya hesabu za haraka, na hesabu zilikuwa za kutisha kwa jinsi zilivyokubali. Moshi wa buni umejaa baraza zima. Mzee ana miaka sabini na zaidi, na amezoea kahawa mbovu. Atapiga funda moja, atasema ni chungu, atafuta ndevu, na Mwanvita atakuwa wake. Mzee hana dhambi, kwa kuwa hajui. Dhambi yote itakuwa ya Msabaha, na Msabaha tayari ana nyingine, zitakaa pamoja. Hapana atakayejua milele. Hakimu Masizi, aliyezoea kuamua mambo makubwa, aliona kesi hii ni nyepesi.

Maalim akainua kikombe mpaka karibu na ndevu, akainamisha kichwa kidogo.

"Bismillahi," akasema.

Msabaha hakumbuki kama alisimama au alijirusha. Anakumbuka kwamba kiganja chake kilikuwa juu ya kikombe, povu limemlowesha vidole, na uso wa mzee ulikuwa karibu sana na wake.

"Usinywe, Maalim. Si kahawa. Ni pombe, na ni yangu."

Kwenye kikaango buni zilikuwa zinapasuka moja moja. Maalim Mwinshehe alikitua kikombe siniani polepole, kama mtu anayeweka kitu kilicholala. Alilitazama dele, akakitazama kiganja kilicholowa, akamtazama Msabaha muda mrefu, na Msabaha akatamani atukanwe. Mzee akauliza kama Mwanvita anajua. Msabaha akasema hajui mtu.

"Sasa najua mimi," Maalim akasema. Akachukua bakora yake, akainuka. "Basi sikunywa."

Akaenda zake. Msabaha alibaki barazani mpaka buni zote zikawa mkaa. Alilia kidogo, tena bila ustadi, akijifuta kwa mkono wenye harufu ya stauti iliyo bora kuliko zote alizowahi kuonja. Kilichobaki kwenye dele alikimwaga mtaroni. Kuku wa jirani alikuja akaonja, akakung'uta kichwa, akaondoka, na Msabaha akaona kwamba hata yule ana busara kumzidi.

Magharibi alimweleza Wahida yote, kwa sababu hakuwa tena na nguvu za kutunga kitu. Wahida alisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Alikasirika kwa ajili ya dini, alikasirika kwa ajili ya posa, kisha akakaa chini akasema kwa uchovu kwamba miaka yote hii yeye alijua Msabaha ana mwanamke Vigwaza. "Na nilikuwa nakuombea," akasema. Msabaha hakujua acheke au aombe radhi, akaomba radhi.

Kundi lilikuwa bado linasubiri. Alichukua simu, akatafuta kashata, halafu akaona aibu ya kashata ni kubwa kuliko aibu ya sauti. Akasema kwa mdomo mtupu kwamba bia ya vijana ni nzuri, uchungu wake ni wa haki na mwisho wake ni wa tende, watu wasiwanyime sifa yao. Kilichoharibika ni mwonjaji. Hakimu Masizi amejiuzulu leo. Kabla hajaweka simu chini, mtu wa Tanga akaandika: mbona sauti hii ni ya yule muuza bizari wa Bagamoyo, aliyeonja pilau kwenye harusi ya mpwa wangu? Msabaha akaandika: ndiye. Akatoka kundini, akalala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na kitu cha kuficha wala cha kungoja.

Ijumaa hakwenda safu ya nyuma. Alijikuta katikati, kwa kuwa alichelewa, safu ya nyuma ilishajaa, na pale ndipo palipobaki nafasi, akaswali akiwa amebanwa na watu pande zote.

Jumamosi asubuhi alikuwa dukani anapima iliki alipoona kivuli kwenye kizingiti. Alikuwa Mwanvita, ametanda khanga, mkononi hana kofia ya kuuza. Alisalimia, akaitikiwa. Wahida, aliyekuwa anafagia mbele ya duka, alianza kufagia taratibu zaidi.

"Kaka kaniambia hakunywa kwako," Mwanvita akasema.

"Hakunywa."

"Kasema ameshapiga Bismillahi, ukamfunika kikombe kwa mkono."

"Nilimfunika."

"Ungemwacha, saa hizi ningekuwa mchumba wako."

"Najua."

"Basi ilikuwaje?"

Msabaha alitafuta maneno. Yale ya Hakimu, yaliyokuwa yakimjia kama maji kwa ajili ya chupa, hayakuja hata moja. Akasema alipolisikia jina la Mungu likitajwa juu ya kile kikombe aliona kwamba hata akimpata Mwanvita, kila atakapomtazama usoni atakiona kikombe. Alisema anampenda, na kwamba alitaka kumpata lakini si kwa kumnywesha kaka yake. Aliyasema haya akilitazama sanduku la iliki, na masikio yake yalikuwa ya moto.

 Mwanvita akasema kaka yake aliporudi alingoja siku nzima, kisha akamwita. Hakumwambia hapana. Alimwambia: mimi sikunywa, kwa hiyo sina jibu. Wewe si mwari, una macho yako. Nenda ukatazame mwenyewe mna nini ndani ya lile dele.

"Na Vigwaza?" Mwanvita akauliza, maana safari zile za ukwaju mji mzima ulizijua.

"Ukwaju nimebaki nao wa miaka miwili," Msabaha akasema, halafu akaona kwamba mzaha hautoshi. "Siendi tena. Na nikienda utajua, Mwanvita. Umeona mwenyewe ninavyojua kuficha."

Pembe ya mdomo wa Mwanvita ilisogea, kidogo sana. Akavuta kigoda, akaketi kwenye baraza ya duka, mbele ya watu wote wa soko wanaokuja na kurudi, akapanga khanga yake magotini.

"Haya," akasema. "Nina kiu."

Nje, ufagio wa Wahida ulisimama kabisa. Msabaha aliliosha dele, akaliosha tena, akalisugua kwa majivu na ndimu. Alikaanga buni, alitwanga, alichemsha, na katika maisha yake yote hajawahi kupika kahawa kwa hofu kama ile. Moto ulizidi, akakoroga pasipohitaji kukorogwa. Alimimina kikombe, akakisogeza mbele yake, akarudi nyuma hatua moja, yeye aliyezoea kuwa upande wa pili wa kijiko.

Mwanvita alikitazama kwanza. Hakikuwa na povu. Akasema Bismillahi, akanywa, akazungusha mdomoni kama alivyomwona yeye akifanya kwenye harusi za watu.

"Imeungua," akasema, akakimaliza kikombe chote, akakisogeza aongezewe.